Bendi Tatu za Kambi ya Ngombezi

Sebule yangu ya Handeni si kazi ya mtu wa kubahatisha. Nina stashahada ya ufundi umeme, nimefanya kazi Afrika Kusini miaka mingi, na nimerudi na changu bila mjomba wala mwanasiasa kunishika mkono. Spika nimezifunga mwenyewe, waya zote zimepita ndani ya ukuta. Wageni wakiziona wanatarajia taarabu au bongo fleva. Mimi ninapiga roki.

Wananicheka. Shemeji yangu, mke wa kaka, aliwahi kuniuliza kama huko nilikokwenda nililishwa kitu. Nilimjibu amuulize mumewe, maana roki sikuikuta ugenini. Niliikuta Ngombezi, kwenye kambi ya mkonge, nikiwa bado navaa kaptula ya shule.

Baba alipofariki, kaka aliacha masomo akaingia kiwandani. Akapangwa kwenye korona, ile mashine inayochuna majani ya mkonge yakabaki nyuzi. Kitu cha kwanza alichonunua kilikuwa redio. Betri zikichoka tulizianika juani juu ya bati, na jioni zikawa na nguvu ya kutosha kukamata vituo vya mbali. Ndiko zilikotokea bendi tatu ambazo mpaka leo sijazipatia mfano.

Ya kwanza ilikuwa ya Wazambia, magitaa yao yana mkwaruzo kama yamepitishwa kwenye mchanga. Ya pili ya Waingereza, na mpiga ngoma wao alipiga kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Ya tatu hatukujua inatoka wapi. Mwimbaji wake alikuwa analia, mwanaume mzima, tena bila aibu. Hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kwenye msiba wa baba tuliambiwa wanaume tusubiri, tusitoe sauti, nami nikasubiri mpaka kifua kikawa kizito. Kumbe kuna mahali mtu anapewa gitaa na kuachwa apige kelele zake zote. Nilikuwa na Kiingereza kidogo cha darasani, nikataka kumweleza kaka maneno ya wimbo. Akanikataza.

"Usinitafsirie. Nimeshamwelewa."

Nilikwenda na neno hilo Johannesburg. Siku zilipokuwa mbaya, na nyingi zilikuwa mbaya, nilirudi chumbani nikaziweka bendi zetu, nikamwona kaka akilini ameinamia redio. Nilijiahidi kwamba nikifanikiwa nitamkalisha mbele ya spika za maana, asikie kila uzi wa gitaa.

Nikafanikiwa, nikarudi. Kaka alikuwa ameshaacha kazi kiwandani. Kila nilipomwalika alikuwa na udhuru: mara shamba, mara mguu, mara mvua. Nilimwambia mke wangu kwamba kaka anaionea wivu nyumba. Sauti yake kubwa haikunishtua, kwa sababu watu wa korona wote wanapaza sauti. Mle ndani wanasomana midomo, na wakitoka wanaendelea kuongea kana kwamba mashine bado inanguruma. Mtu wa kambi ile anaweza kupoteza masikio kidogo kidogo na jirani asigundue. Msikitini kaka aliwahi safu ya mbele, nyuma ya imamu, nami nikawa najisifu kwa watu kwamba ndugu yangu amekuwa mcha Mungu.

Jumamosi moja alikuja, amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Nikampa shikamoo, nikamkalisha katikati ya spika, nikamtajia bendi ya tatu, nikaiweka. Akafumba macho. Kichwa kikaanza kucheza taratibu. Nilisimama pembeni nimejaa majivuno, nikaona safari yangu yote imefika.

Katikati ya wimbo umeme ukakatika. Feni ikazunguka kivivu, ikasimama. Jikoni mke wangu alisikika akilalamika. Kaka aliendelea kuchezesha kichwa.

Sikumgusa. Nilimtazama, na zile nyudhuru zote zikajipanga zenyewe mbele yangu, pamoja na ile safu ya mbele. Alikuwa anaufuata wimbo uliomo ndani yake. Pale gitaa linapopanda aliinua kidevu, pale ngoma zinapokata alitulia. Ulipokwisha huko alikokuwa anausikia, alifumbua macho yakiwa na maji.

"Hawajabadilika," alisema kwa sauti ya kiwandani. "Gitaa la mwisho ni lile lile."

Nikaitikia kwa kichwa. Akajifuta uso kwa ukingo wa mkono wa kanzu.

"Sasa, mdogo wangu, niwekee wale Wazambia."

Nilikwenda nikasimama kati yake na mashine ya muziki, mgongo wangu ukizificha taa zilizozimika, nikabonyeza. Kisha nikamgeukia ili aione midomo yangu.

"Tayari, kaka."

Akafumba macho tena.