Muziro wa Mchumba

Domina hakuwa mtu wa kukaa kitako. Wauguzi wenzake katika hospitali ya Flemingsberg, Uswidi, walisema hata kahawa aliinywa akitembea. Lakini Jumapili ile ya Novemba 1976, loo, alipitiliza: alifuta meza mara tatu, akachungulia dirishani, akafungua mlango ambao hakuna aliyeugonga. Nyumba yenyewe vyumba viwili tu, ghorofa ya nne, Hallonbergen. Ungemwona ungesema anasubiri hukumu, wala hungekosea.

Baba yake mdogo, mzee Cyprian, alikuwa ametoka Bukoba kuja kwenye kozi ya ushirika ya majuma sita. Ndugu zake walimwongezea kazi nyingine: amwone mwanamume anayetaka kumwoa Domina, aseme ndiyo au hapana. Akisema hapana, nyumbani hakuna atakayejibu hata barua ya Domina. Naye alikuwa na miaka thelathini na miwili, na huyo mtu alimpenda kwa moyo wote, hana la kuficha.

Mtu mwenyewe ni Lucius, dereva wa basi, Mmarekani mweusi aliyekimbia vita vya Vietnam mwaka 1968 akapata hifadhi Uswidi. Mrefu, mpole, si msemaji. Kwao kulikuwa na hadithi ya kurithishana: babu wa babu yao alikuwa mtoto wa mfalme Afrika, akatekwa vitani, akauzwa pwani, akavushwa bahari, akauzwa tena mnadani. Jina la ufalme lilipotea njiani. Domina aliitegemea mno hadithi hiyo, kwa sababu kwao Domina ni watu wa nyumba ya mukama, mfalme wa Wahaya. Serikali ilifuta machifu, haikufuta majivuno.

Basi wakaketi. Lucius akasimulia kwa Kiingereza, Domina akatafsiri, akitia na chumvi kidogo. Mzee Cyprian alisikiliza huku akipangusa miwani.

"Kila aliyechukuliwa alikuwa mtoto wa mfalme," akasema. "Wakulima je, walikwenda wapi? Muulize ukoo wake ni upi, na muziro wao nini."

Muziro kwa Wahaya ni kile ambacho ukoo wenu hauli. Ndicho kinachowatambulisha, ndicho kinachozuia ndugu kuoana. Mwenye muziro ana watu wake; anayeuvunja kwa makusudi hujitoa kwao. Asiye nao, zamani, alihesabiwa mateka. Na nyumba ya kina Domina mateka waliwahi kuwa nao. Bibi yake alilisema hilo mara moja tu, akanyamaza.

Lucius akatazama mikono yake. "Sijui," akasema. "Hicho nacho walikichukua."

Domina akatafsiri, ulimi mzito. Hapana ilikuwa inakuja, aliiona usoni mwa mzee. Akakimbilia jikoni kupakua.

Mpishi alikuwa Achola, rafiki yake Mkenya aliyekaa mtaa wa Rinkeby, aliyejitolea kumsaidia. Kumbe amepika kondoo, na Domina kwa haraka zake alipakua bila kutazama. Hakuambiwa, naye hakuuliza. Mgeni wa heshima, alidhani, hapewi kuku peke yake. Mzee Cyprian akaisogeza sahani pembeni. Domina alipoanza kuomba radhi, maana ukoo wao hauli kondoo, akaona Lucius naye ameisogeza yake.

"Mnisamehe," Lucius akasema. "Kwetu hatuli kondoo. Kondoo akiingia jikoni, bibi yangu anatoka. Hatujui sababu. Hata miaka ya njaa hawakula."

Domina hakufikiri mara mbili. "Baba, anao muziro! Kwao hawali kondoo!"

Mzee akainuka, akamshika Lucius mikono yote miwili, kwa heshima ambayo Domina hakuwahi kumwona akimpa mtu tangu afike Ulaya.

"Mwambie amefika kwa watu wake," akasema. Akaketi, sauti ikashuka. "Na sasa, mwanangu, umesikia mwenyewe. Muziro mmoja, damu moja. Huyu ni kaka yako. Kaka hamwoi dada."

Jamani! Domina angesema tu kwamba Lucius hana njaa, nani angejua? Mkalimani ni yeye, na mlango kajifungia mwenyewe. Hasira ikampanda: kwa mzee, kwa Achola, hata kwa yule mwana wa mfalme asiye na jina. Akamweleza Lucius yote, neno kwa neno.

Lucius akaivuta sahani yake. "Basi nitakula," akasema. "Sasa hivi, na aone."

Domina akaizuia kwa mkono. "Wewe usile. Ninyi waliwanyang'anya mpaka majina, mkabaki na hiki kimoja. Mimi nina ukoo mzima, nina makaburi ya babu zangu. Mimi ninavyo vya kupoteza."

Akachukua pande la nyama, akalitia kinywani, akatafuna polepole, akimtazama baba yake mdogo machoni, mpaka akameza.