Sisimizi na Mtaro wa Bondeni

Siku ya kwanza kumwona alikuwa amesimama mlangoni mwa ofisi ya barabara, amevaa buti mpya zenye karatasi ya bei kisiginoni. Viti vilikuwapo, hakukaa. Alikuwa amemaliza chuo mwezi ule, injinia mzima, na mkubwa wetu akanikabidhi kwake. Mimi nishike ubao wa vipimo, yeye achungulie kwenye darubini.

"Nyoosha, mjomba! Huo ubao umelewa?"

Nikanyoosha. Mimi si mtu wa maneno. Niliishia darasa la saba, na kwa miaka kumi na mmoja pale ofisini nilikuwa nimezoea kunyoosha na kunyamaza.

Vibarua walimwita Sisimizi kwa sababu hakutulia. Alikula amesimama. Akipiga hesabu, mguu wake ulicheza chini ya meza mpaka chai za wenzake zikamwagika. Tulikuwa tunapima mtaro wa maji ya mvua nyuma ya nyumba za bondeni, na kila asubuhi wanawake wenye ndoo walinipita nikiwa nimeshika ubao, wakienda bombani upande wa pili. Nilikuwa nimesimama katikati ya njia yao. Kwenye ramani njia ile haikuwapo. Niliona, nikajisemea, mimi ni nani?

Mtaro ukajengwa, kina kinafika kifuani. Mvua ya kwanza, maji yakapita vizuri kabisa. Mkubwa akampa Sisimizi mkono. Wiki iliyofuata mama mmoja fundi cherehani akaanguka mtaroni akijaribu kuuruka na ndoo yake, akavunjika mkono wa kulia. Tulimkuta amekaa kizingitini, cherehani kimefunikwa shuka.

"Wewe ndiye uliyechora?" akamwuliza Sisimizi. "Na bombani ulifikiri tutafika kwa mabawa?"

Tukarudi yeye akiwa mbele, karibu anakimbia. Halafu akasimama ghafla.

"Mjomba, ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza, Injinia. Uliniambia ninyooshe."

Tangu siku hiyo ndipo kiti kikamshinda kabisa. Kila Jumamosi alikwenda bondeni kuuliza nani anapita wapi, akibeba nini. Akaomba kazi kwenye shirika la kimataifa linalopeleka maji nchi mbalimbali, kazi ya kukaa na wenyeji na kuwasikiliza kabla mtu hajashika sululu. Alipoipata, mama yake alikuja mpaka ofisini.

"Nimekusomesha uinjinia, leo unakwenda nchi za watu kuulizia njia kama mgeni aliyepotea?"

"Ndiyo, mama."

"Si ungeulizia hapa hapa!"

Tulicheka, hata mama mwenyewe. Lakini Sisimizi alibakiwa na wiki mbili, na vidaraja alivyoomba vya kuvuka mtaro vilikuwa bado kukubaliwa. Bila vidaraja, wale mama wangeendelea kuruka. Kwenye mkutano wa mwisho mkubwa akagonga ramani kwa kalamu.

"Mtaro unapitisha maji, kazi imekwisha. Nani anasema hapa pana njia?"

"Mimi," akasema Sisimizi.

"Wewe mguu mmoja uko nje tayari. Nani mwingine?"

Sisimizi akanitazama. Mguu wake, kwa mara ya kwanza, ulikuwa umetulia. Wa kwangu ndio ulioanza kucheza chini ya meza.

"Mimi," nikasema. "Nimesimama pale siku ishirini na tatu nikiwapisha. Njia ziko tatu."

"Kumbe ana sauti!" mkubwa akasema, chumba kizima kikaangua kicheko. Alipomaliza kucheka akaniuliza ni wapi hasa. Nikamwonyesha kwa kidole, moja baada ya nyingine. Akatia sahihi.

Kidaraja cha tatu zege halijakauka, Sisimizi keshafunga begi. Nilimkuta getini na buti zilezile, sasa zimelika visigino, anatazama saa, anatazama barabara, anatazama saa tena. Nilitaka kumtakia safari njema, nikaishia kumshikia begi. Gari likapiga honi. Akanishika mkono.

"Injinia mpya anaingia Jumatatu. Usimngoje akuulize, mjomba."