Mwanga Nilioupa Mgongo

Miaka ile Maskati ilikuwa ikifungwa kama duka. Mzinga ukishalia kutoka ngomeni baada ya isha, milango ya mji hufungwa, na anayetaka kupita vichochoroni sharti ashike fanusi, tena aiinue askari wamuone uso. Tochi haikubaliwi. Mimi niliyekulia Unguja, niliyezoea kutoka usiku kununua mishikaki na kurudi nikipiga mluzi, sheria hiyo ilinichosha kuliko joto. Lakini sikuwa na pa kurudi. Mjomba wangu, aliyetangulia kuhama, alinipokea nyumbani kwake ndani ya ukuta, na kabla sijaijua njia ya kisimani alikuwa ameshaniozesha.

Mke wangu alitoka Bawshar, kwenye mitende na chemchemi, na Kiswahili hakukijua hata neno. Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani: niliweza kusoma juzuu nzima kwa tajwidi, lakini nikitaka chumvi nilinyoosha kidole. Alikuwa mpole, na mimi si mkorofi, ila jioni tukipanda kulala juu ya paa, shuka tumezirowesha maji ili tupate usingizi, kila mmoja alitazama nyota za upande wake. Nilimwonea haya. Sijui yeye alinionea nini.

Mjini hamkuwa na kazi. Nikapata nafasi kwenye meli ya mizigo iliyotia nanga nje ya bandari, nikaenda kuwa msaidizi wa jikoni. Mpishi mkuu alikuwa Mgoa mmoja, mtu wa Goa kule Uhindini, mwenye kifua kibovu na ulimi mkali, na yeye ndiye aliyenikabidhi mikate. Kila siku niamke kabla ya wote, nikande unga, niwashe tanuri, mabaharia wakiamka wakute mkate wa moto. Kazi hiyo ilinifaa. Niliamka, nikasali alfajiri, nikaingia kwenye unga.

Tatizo lilikuwa saa. Tulipozidi kwenda mashariki, wakubwa wa meli walikuwa wakiisogeza saa mbele mara kwa mara, na hakuna aliyejisumbua kumwambia mtu wa mikate. Saa yangu ya mkononi ikawa pambo tu. Nikaamua kufuata mbingu, kama tulivyofundishwa chuoni: alfajiri ya uongo husimama wima kisha ikapotea, alfajiri ya kweli hutanda kwa upana chini ya mbingu. Nilijisifu kwamba meli nzima mimi peke yangu nilijua saa ngapi bila kuuliza mtu.

Basi tulikuwa tumepita chini kabisa ya Australia, tunaelekea New Zealand, baridi inakata masikio. Niliamka, nikatoka nje, nikaona weupe umetanda kwa upana, chini ya mbingu, upande wa kulia wa meli. Siku zote mapambazuko yalikuwa mbele, kule omo, lakini meli hugeuka, na mimi si nahodha. Nikasema moyoni, hii ndiyo ya kweli. Nikatia udhu kwa maji yaliyoniuma hadi mifupani. Kwa kuwa huko ukielekea kibla mapambazuko huwa mgongoni, nikaupa mwanga ule mgongo, nikasali. Nilisali taratibu, nikaomba dua ndefu, nikaingia jikoni kukanda.

Unga ulipoumuka niliitia mikate tanurini, nikatoka kumwaga maji, nikitarajia kukuta kumekucha. Hakujakucha. Ule weupe ulikuwa umegeuka kijani, kijani cha ndimu changa, na umesimama. Ulikuwa umepanda juu kama mapazia yaliyotundikwa pasipo na nyumba, ncha zake nyekundu, na mapazia yanatembea. Hakuna sauti. Nadhani ndilo lililonitisha zaidi, kwamba kitu kikubwa kiasi kile hakikuwa na sauti. Bahari chini yake ilikuwa kijani, mikono yangu yenye unga ilikuwa kijani.

Nilipanda mbio kwa ofisa wa zamu, nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha jikoni mashariki iko wapi. Akanyoosha mkono mbele, kule omo. Mwanga ulikuwa unatoka upande usiotoka jua, na kila aliyesoma chuoni anajua siku jua litakapotoka pasipo pake ni siku gani. Niliamini kwamba Kiama kimekuja, kimenikuta chini ya dunia, katikati ya watu ambao hata shahada siwezi kuisema nao pamoja.

Nilimfikiria mke wangu. Nilijiuliza kama na yeye amesimama juu ya paa anaona, na anamuuliza nani. Tulikuwa mume na mke, na nikifufuliwa saa ile nisingeweza kuitambua sauti yake kati ya sauti za wanawake.

Ofisa alinitazama akacheka, si kwa ubaya. Akanieleza kwamba hizo ni taa za kusini, huku hutokea, hazina madhara. Nikashuka nikamwamsha Mgoa. Alitoka amejifunga blanketi, akatazama, akasema baridi itamuua, kisha akaona tanuri linawaka usiku wa manane na mikate imo ndani, akanitukana ukoo wangu wote. Akarudi kulala. Nilibaki mimi. Hofu ilipokwisha niliona uzuri wake, na uzuri ule ulikuwa mzigo mbaya kuliko hofu, kwa sababu hofu ukishatulia inakwisha, lakini uzuri unataka umwambie mtu. Nilitazama mpaka mapazia yakafifia moja moja. Kulipokucha kweli nilisali tena, na mabaharia wakala mkate uliopoa.

Nilirudi Maskati baada ya miezi mingi, nimeibeba habari ile kifuani. Jioni ya kwanza nikaitoa barazani, mbele ya mjomba na wenzake, Wazanzibari wote. Nilieleza kwa Kiswahili safi, sikuacha kitu. Nilipomaliza, mmoja akasema, "Huyo kaona taa za mji wa watu, kadhani mbingu inawaka."

Wakacheka. Mwingine akauliza kama Mgoa alikuwa ananinywesha tembo. Mjomba peke yake hakucheka. Aliweka kikombe chini akifikiri, nikapata tamaa.

"Mwanangu," akasema, "hiyo sala uliirejea?"

"Niliirejea, mjomba."

"Maana ulisali kabla ya wakati, tena kibla sicho."

"Nnajua, mjomba."

"Alhamdulillahi, kama uliirejea." Akamimina kahawa. Kwake yeye kesi ilikuwa imekwisha.

Nilikasirika. Hata leo nikikumbuka nakasirika kidogo. Nilikuwa nimedhani kwamba shida yangu ni lugha, kwamba nikiwapata watu wa Kiswahili tu itaeleweka. Sasa nilikuwa nao, wamejaa baraza nzima, na nilikuwa peke yangu kama kule sitahani. Nikaapa kwamba sitaisimulia tena.

Nilipopanda juu ya paa, mke wangu alikuwa anarowesha shuka. Alikuwa amevisikia vile vicheko vya chini. Akaniuliza kwa Kiarabu wamecheka nini. Ningeweza kutikisa kichwa, ndivyo tulivyoishi. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira ilinitoa haya. Nikasema kwa Kiarabu cha msahafu: nuru, mbinguni, ya kijani. Akaonesha kwa vidole radi. Nikasema siyo. Akaonesha moto. Nikasema siyo. Nikachukua mtandio wake wa kijani uliokuwa umeanikwa, nikauinua kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine nikaweka fanusi nyuma yake.

Alitazama kitambo. Kisha akasimama, akaninyang'anya mtandio, akaushika ncha mbili, akaunyanyua juu ya kichwa chake na kuutikisa kwenye upepo. Akaniuliza, hivi? Nikamwonesha kwa mkono, taratibu zaidi. Akapunguza. Akapunguza tena. Ukawa unapita polepole mbele ya fanusi, na ukuta wa jirani ukapakwa kijani, nami nikasema ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo. Hakucheka. Aliendelea mpaka mikono ikamchoka.

Askari aliyekuwa kichochoroni akapaza sauti kuuliza nani anapungia taa huko juu, na anampungia nani. Tukaizima haraka. Tukakaa gizani begani kwa bega, tukibana pumzi kama watoto, mpaka hatua zake zikapotea.

Nilijua sasa ataniuliza ni nini kile, kinatoka wapi, kama ni kweli. Nilianza kutafuta maneno ya kujibu. Yeye akauliza swali jingine, kwa Kiarabu chepesi ili nielewe: ulikuwa na nani?

Nikamwambia, hapana mtu.

Kisha akasema, "Pole."

Lilikuwa neno la Kiswahili. Alikuwa amelichukua kwa mke wa mjomba miezi ile niliyokuwa baharini, na hakuwahi kuniambia kwamba anajifunza. Alilitamka kwa uzito, kama mtu anayeweka sahani iliyojaa mchuzi asiumwage. Nililia, na kwa kuwa fanusi ilikuwa imezimwa sikujificha.