Aibu Isiyokuwa ya Mumewe

Habari ya kifo cha rafiki yangu ilinikuta Inde, sokoni, nikiwa nimeinama juu ya fungu la viazi vitamu nikibishana na muuzaji kama ilivyo desturi yangu. Simu ilitoka Koboko, kwa mama anayeuza viatu katika kibanda kilichopakana na chake. "Mama, rafiki yako ameenda," aliniambia. "Presha ya mimba imebeba ye. Mutoto walimutoa muzima, lakini mutoto naye hapana fika saa ya magharibi." Niliviacha viazi pale pale. Muuzaji akadhani ni bei iliyonikimbiza, akawa ananiita nirudi apunguze. Wasomaji wangu mnanijua kwa maneno mengi. Siku ile sikuwa nalo hata moja.

Alikuwa muuza vitenge katika soko la Koboko, karibu na mpaka wa Sudan Kusini, Mnubi wa mjini, wa zile koo zilizoletwa na jeshi zamani zikabaki na dini yao na upishi wao. Hatukuwa ndugu wala majirani. Mimi naishi Arua, na urafiki wetu ulianza kama wa mteja na muuzaji, ukakua kwa sababu alikuwa na ulimi. Kila mwanamke mwenye ugomvi nyumbani alipita kibandani kwake, akajifanya anapapasa vitambaa, akaondoka na ushauri. Siku moja nikiwa pale aliingia dereva wa lori linalokwenda Sudan Kusini, akataka kitenge cha bei kubwa kuliko vyote, tena haraka. Rafiki yangu akamtazama juu mpaka chini. "Umemufanya bibi yako nini?" Yule bwana akacheka, akakohoa, mwishowe akakiri kwamba alimtukana mkewe mbele ya mama mkwe. Basi rafiki yangu akakikunja kitenge, akakirudisha mahali pake. "Enda kwanza omba musamaha na mikono mitupu. Akikubali, kuja kesho nunua hii. Mimi hapana uza nguo ya kufunika matusi." Nilimwambia kwa biashara ya namna hiyo hatatajirika. Akanijibu kwamba watu hawaji kwake kwa ajili ya vitenge, vitenge viko kila kibanda; wanakuja kwa sababu nyumba yake ina amani. Alisema hivyo kwa majivuno kidogo, na alikuwa na haki ya kujivuna.

Maana amani ile ilikuwa imepiganiwa. Mumewe ni mkulima wa muhogo kutoka Ludara, aliyesilimu ndipo akamwoa, na kaka zake walikuwa wamekataa katakata. Kaka mkubwa alisema hadharani kwamba mtu wa shamba atamtesa dada yao, na siku atakapowarudia akiwa amekonda wasilaumiwe wao. Hakukonda. Yule bwana alikuwa akikatiza soko zima mchana kweupe na bakuli la chakula cha mkewe mkononi, limefunikwa kitambaa safi, huku vijana wa bodaboda wakimtania, "Shemeji, leo umepika nini?" Naye akawajibu bila kupunguza mwendo, "Maharage. Wewe kwako nani napika?" Watoto wawili wa kwanza walizaliwa bila tabu, na kila mwaka uliopita bila malalamiko ulikuwa jibu kwa kaka zake.

Sasa, msomaji wangu, kuna jambo ambalo huku kwetu kila mtu analijua, na si kweli. Tunajua kwamba presha ni ugonjwa wa mawazo. Mzee akipata presha tunauliza ni mtoto gani anayemsumbua. Mwanamke akipata presha hatuulizi hata kidogo, tunamgeukia mumewe. Kwa hiyo mimba ya tatu ilipokuwa kubwa, na mkunga wa kliniki akampima na kumwambia presha imepanda, ameze dawa, tena aende Arua akaangaliwe kwa karibu, yeye hakusikia hatari ya mwili wake. Alisikia sauti za kaka zake. Alimsihi mkunga asimwambie bwana, akazificha dawa katikati ya vitenge kibandani, akawa anameza anapokumbuka, na ile safari ya Arua akaiahirisha, akaiahirisha tena. Alimwambia mtu mmoja tu, yule mama wa viatu, tena kwa kumwapisha. "Wakisikia mimi iko na presha, watasema bwana yangu nakula roho yangu. Wacha nizae kwanza, itashuka yenyewe." Uso ulipovimba watu walimsifu kwamba amenona, hayo ndiyo mapenzi ya Ludara. Alipoanza kufunga kibanda mapema kwa kuumwa kichwa, alisema ni jua. Alipolalamika kwamba maua ya vitenge yanammulika machoni, mama wa viatu alimwambia apumzike. Asubuhi moja alikuwa anakoroga uji wa watoto, akaanguka, mwili ukakakamaa na kutetemeka. Mumewe alipata gari wakakimbia Arua, na huko walimfanyia kila walichoweza, lakini presha ilikuwa imeshatangulia.

Nilifika Koboko siku ya maziko. Wanaume walikaa upande mmoja wa turubai, sisi wanawake upande wa pili kwenye mikeka, na maneno yalivuka huku na huku kama kawaida. Kaka mkubwa akasimama. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mimi nalisema zamani. Mutu hapana kufa na presha bure. Shemeji, tuambie, ulimufanya nini?" Mumewe hakujitetea, na hapo ndipo moyo wangu ulipopasuka. Alianza kujitafutia kosa. "Labda ile siku ya mvua," alisema, "nalimukataza kwenda harusi. Ye alinyamaza. Labda iko hiyo." Akafikiri tena, akaleta jingine dogo kuliko hilo: siku aliyochelewa kurudi kutoka shamba, akamkuta mkewe amelala bila kula. Mtu mzima, mbele ya ukoo mzima, anapekua ndoa yake akitafuta neno lililoua.

Mama wa viatu alishindwa kuvumilia. Akalia kwa sauti kwamba marehemu alijua, na alificha, na aliyefichiwa ni huyu mnayemhukumu. Bibi mmoja kando yangu akanong'ona ile methali ya mficha maradhi, kwamba kilio humfichua. Nilitamani kumziba mdomo. Huyu alikuwa akimkinga mumewe na maneno ya watu, mwili wake ukalipa. Ndipo mkunga, aliyekuwa amekaa nasi, akainuka akaenda mpaka ukingoni mwa turubai akawaelekea wanaume. "Hii presha hapana ya mawazo," alisema. "Hii iko ya mimba. Hata mwanamuke nacheka kutoka asubuhi mpaka jioni, nashika ye." Akawaeleza kwamba kondo la nyuma lisiposhika vizuri halipati damu na hewa ya kutosha, linaanza kutoa vitu vikali kuliko mwili unavyoweza kuvizima, navyo vinaila mishipa ya damu kwa ndani kama kutu inavyokula chuma. Mishipa inabana, presha inapanda, figo na ubongo vinaumia. Kwa nini inamshika huyu na kumwacha yule, alisema, hata madaktari hawajamaliza kujua, lakini kuipima wanajua, na kuishusha wanajua, na wanajua lini mtoto atolewe kabla haijamuua mama yake. Kaka mkubwa akakaa, akavua kofia yake akaishika mapajani.

Nimewaza sana tangu siku hiyo. Jembe hushika kutu hata katika nyumba ya watu wanaopendana, na hakuna anayemwita mwenye jembe akajieleze. Sisi tumeigeuza presha kuwa shahidi wa mahakamani. Mwanamke mwenye mume mbaya anaificha kwa hofu, mwenye mume mwema anaificha kwa mapenzi, na kati ya hofu na mapenzi presha inaendelea kupanda. Kisha tunamzika, tunakaa matangani, tunaendelea kuuliza swali lile lile lililomfunga mdomo. Nina hasira, na sitaki kuzificha.

Kabla ya kurudi Arua nilimwendea mumewe kumpa pole. Nilidhani maneno ya mkunga yamempa nafuu, kwa kuwa sasa kila mtu alijua kwamba hana kosa. Alinitazama kana kwamba nimemwambia jambo lisilomhusu. "Mama, wangesema tu," aliniambia. "Waseme mimi bwana mubaya, soko yote, mpaka Ludara kwa baba yangu. Mimi nakubali. Kila siku nakubali. Bora ye iko."

Mkewe hakuwahi kulisikia neno hilo, kwa sababu hakumpa nafasi ya kulisema. Wewe mama mjamzito unayesoma haya, ukiambiwa presha imepanda, mwambie mumeo leo hii, kisha muende wote wawili hospitalini. Usimlinde na maneno ya watu. Maneno angeyabeba maisha yake yote. Kaburi ndilo linalomshinda.