Blauzi ya Kijani

Katika shule yetu ya bweni, juu milimani Taita, picha haikumfikia mwenyewe mpaka wenzake wote wamekwisha kuiona. Mpiga picha alipanda kutoka Voi siku ya Jumapili, akatupiga, akashuka, nasi tukangoja filamu yake ijae na isafishwe. Aliporudi alizitandaza picha kwenye benchi nje ya bwalo, kila mtu ajitafutie yake. Aliyewahi alijiona kwanza. Aliyechelewa alikuta ameshaonwa.

Mimi nilichelewa. Ilikuwa zamu yangu ya kusugua sufuria za githeri.

Bweni letu halikuwa na nguo nyingi za nyumbani, ila msichana mmoja wa Taveta, ambaye shangazi yake aliuza mitumba pale mpakani, alikuwa na blauzi ya kijani isiyo na mikono, yenye vifungo vyeupe. Kila aliyetaka picha aliiomba. Aliyemaliza aliivua nyuma ya tangi la maji na kumpa anayefuata, ikiwa bado ina joto la mwili wake. Tulisimama wote mahali pamoja, kando ya maua ya mwalimu mkuu, mguu mmoja juu ya jiwe, mkono kiunoni. Ilipofika zamu yangu nilijiona mrembo. Ninalisema hili wazi kwa sababu ndilo nililonyang'anywa: kwa muda ule mfupi sikuwa na ugomvi wowote na mwili wangu.

Nilipofika kwenye benchi, mikono yangu bado inanuka majivu, wenzangu walikuwa wamezipanga picha upya. Walizitoa zote za blauzi ya kijani wakaziweka mstari mmoja, kuanzia mwembamba. Jiwe lile lile, maua yale yale, blauzi ile ile. Kilichobadilika ni sisi tu. Yangu ilikuwa ya mwisho.

"Wewe," kiranja wa bweni aliniambia, "mpiga picha alirudi nyuma hadi getini ndiyo uenee?"

Mwingine akasema vifungo vinaomba msaada. Walicheka, nami nikacheka, tena kwa sauti kuliko wao.

Niliikataa ile picha. Mpiga picha, mzee wa Kiislamu mwenye maneno ya taratibu, aliishika kwa ncha za vidole. "Mwanangu, picha njema hii. Mbona waikataa?" Nikamwambia huyo si mimi. Akairudisha mkobani bila kubishana, na kwa kuwa alimfahamu mama yangu pale Voi, akampelekea yeye.

Mwenye blauzi aliichana picha yake siku hiyo hiyo. Yeye ndiye aliyeuanza mstari. Alisema blauzi inamning'inia kama nguo kwenye msumari, na kwamba afadhali sisi tulioijaza. Maneno yale yangepaswa kunifariji. Yaliniudhi. Mwili nilioutamani, mwenyewe hakuutaka.

Muhula uliobaki nilimpa jirani yangu nusu ya chakula changu, na nilipopata tundu jipya kwenye mkanda wa sketi nilijipongeza kimoyomoyo. Shule ilipofungwa nilikwenda Sagalla kwa nyanya yangu, na kitu cha kwanza nilichokiona ukutani, kando ya kalenda ya kanisa, ni mimi ndani ya blauzi ya kijani. Mama alikuwa ameitia picha kwenye fremu na kumzawadia nyanya.

Nyanya alikaribisha wageni kwa picha ile kabla hata ya chai. Wanawake waliorudi kutoka kutafuta maji walitua mitungi yao mlangoni, wakaitazama, wakasema mtoto huyu anatunzwa, shule hiyo inalisha. Kisha walinigeukia mimi, na sifa zikakatika.

"Mjukuu wangu ni yule wa ukutani," nyanya akawaambia. "Huyu aliyeletwa na basi simjui."

Walicheka kwa upendo. Nami nilitamani kuivunja ile fremu. Shuleni picha hiyo ilithibitisha kwamba nimezidi, Sagalla ikathibitisha kwamba nimepungua, na hakuna aliyeona haja ya kuniuliza mwenye mwili ninauonaje. Niliishusha nikaificha chini ya kitanda. Jioni ilikuwa imerudi kwenye msumari wake. Nikaishusha tena, ikarudi tena.

Juzi nimetoka huko. Picha ingali pale, kijani chake kimefifia kikakaribia manjano. Nilisimama mbele yake nikitaka kuitazama kama mtu mzima, lakini macho yakaenda moja kwa moja kwenye vifungo, kisha kwenye mikono, yakaganda hapo.

"Unaona ulivyokuwa unacheka?" nyanya akaniuliza.

Nikamjibu ndiyo. Kisha alipogeuka kuchukua vikombe, nikasogea karibu, nikatazama uso.