Pazia la Macho

Dada yangu ni fundi cherehani, nami humpigia pasi. Mlango wake unatazamana na benchi la fundi viatu, ambaye mtaa mzima humwita Refa kwa sababu kila mwanamke akipita humpa alama kati ya kumi.

"Sita! Mwendo umemharibia!"

Wanaume wa benchi lake wote kicheko. Wateja wetu walianza kuzungukia uani, kisha wengi wakakoma kabisa. Dada si mtu wa kugombana. Alilalamika kwa cherehani: "Tukifunga duka, mwenzangu, tutakula uzi."

Binti yake anasomea sanaa. Alipokuja likizo aliomba mabaki ya vitambaa, na kwa kila mteja aliyebaki, kifungo kimoja cha nguo yake mwenyewe. Akashona pazia lililojaa macho: mboni za vifungo vya makoti, za blauzi, jicho moja limekodoa kama limeona nyoka. Baadhi aliyaacha matundu ya kuchungulia. Akalitundika mlangoni.

"Ndiyo kazi yangu ya chuo, mjomba. Wanaotazamwa nao watazame."

"Mimi nikae wapi?"

"Kwenye pasi yako. Usikohoe."

Waliokuja kupimwa waliketi nyuma ya pazia. Mwanzoni walinong'ona tu. Kisha muuza mayai, ambaye kunong'ona hajui, akaweka jicho tunduni.

"Mwenye kofia, tano. Shingo haijaonja sabuni."

"Yule kitambi kimetangulia, mwenyewe atafika kesho!"

Nje, kicheko kilikatika.

"Na Refa je?" mmoja akauliza.

Dada, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, akachungulia. Kwa mara ya kwanza nikamsikia akipaza sauti:

"Mbili! Zipu iko wazi!"

Refa aliruka wima. Benchi likainuka upande wake, na mwenye kitambi, aliyekaa upande wa pili, akamwagika chini pamoja na viatu vya watu.

Habari zikaenea. Wanawake wakarudi, wengine bila hata nguo ya kushona. Refa hakuonekana, hadi asubuhi moja akaja kwa dirisha la nyuma na shati.

"Kaka, nipigie. Kola isimame."

Alilivaa, akaketi benchini kwake kama anayepigwa picha. Wanawake wakapita, wakaingia, wakatoka. Hakusema neno. Kufikia alasiri uvumilivu ukamwisha.

"Jamani, hata alama moja?"

"Endelea kunyamaza hivyohivyo," dada akajibu kutoka nyuma ya pazia, sindano mdomoni. "Unakaribia nne."