Mgongo Ulionyamaza

Mgongo ulianza kuniuma siku niliyonyanyua beseni la mihogo iliyolowekwa, kule mtoni nyuma ya mtaa wetu mjini Baraka. Niliinama, nikashika beseni, nikasikia kama uzi umekatika chini ya kiuno. Nilidhani yatapita upesi. Mvua zilikuja, zikaisha, zikarudi, na maumivu yakabaki palepale, mara nyingine yakishuka mguuni mpaka kisiginoni.

Mtu akivunjika mguu, watu wanaona bandeji. Mgongo hauonyeshi kitu. Siku mbaya nilishindwa hata kuokota ufagio. Siku nzuri nilitembea mpaka kwenye soko la ndagala, wale samaki wadogo, nikacheka na watu, na majirani waliikumbuka siku hiyo tu. Nikipita karibu na kisima walinyamaza wote kwa pamoja, kisha wakanisalimu kwa sauti kubwa mno.

Mume wangu alikuwa Lulimba kwenye machimbo ya dhahabu na alirudi mara chache. Ndiye aliyemwomba dada yake mkubwa, mjane, ateremke kutoka Fizi anisaidie kazi. Alifika na godoro na jembe lake, akanikuta nimelala kiubavu, akanitazama sana.

"Wifi, mi naona uso yako iko muzuri tu. Ile ugonjwa iko wapi?"

Tangu siku hiyo sikujua kama ametumwa kunisaidia au kunichunguza. Alipika, alitwanga sombe ya majani ya mihogo, alilima. Lakini alipompigia simu ndugu yake, mume wangu, alikwenda nyuma ya jiko, na nikitokea tu, sauti ilishuka.

Siku moja alirudi sokoni na unga mweusi wa mizizi. "Kunywa, wifi. Bamama mingi bamepona na hii."

Nilikataa. Nilikuwa nimeombewa kanisani, na tena sinywi kitu nisichokijua. Hakubishana, nami nikashangaa, maana alikuwa mtu wa kubishana hata juu ya chumvi.

Haukupita muda mrefu maumivu yakapungua, kisha yakaondoka kabisa. Niliamka asubuhi nikakaa kitandani nikisubiri yaje, hayakuja. Nilitwanga, nilifua, niliinama kama msichana. Jumapili nilisimama mbele ya kanisa nikasema Mungu ameugusa mgongo wangu. Korali ikaimba, nikacheza mbele ya watu wote. Wifi yangu alipiga makofi, lakini macho yake yalikuwa chini.

Kisha uso wangu ulianza kuvimba. Mashavu yakawa ya duara, njaa haikunitoka, usingizi ukapotea, na mikononi zikatokea alama nyeusi bila mtu kunipiga. "Uko unanenepa, mama," majirani walisema. Nilijitazama kwenye kioo nikaona mwanamke mwingine.

Asubuhi moja nilikuwa nimetoka kwenda kwenye maombi nikarudi kuchukua kikwembe cha kujitanda nilichosahau. Kupitia mlango wa jiko nilimwona wifi yangu akifungua fundo kiunoni, akatoa kikaratasi, akamimina kitu katika kikombe cha uji. Kikombe changu peke yake. Nilirudi nyuma kimyakimya, kisha nikakohoa ili ajue nimefika. Aliniletea kikombe kwa mikono miwili.

"Kunywa ikingali moto."

Nilimshukuru. Alipogeuka, niliumwaga uji kwenye shina la mgomba.

Kwetu watu wanazungumzia sumu inayokula mtu polepole, na mimi nilikuwa nimeshaanza kubadilika uso. Sasa kila kitu kilipata maana: simu za nyuma ya jiko, macho ya chini kanisani, mume asiyerudi. Nilijiambia amepata mwanamke mwingine Lulimba, na dada yake amekuja kusafisha nyumba. Sikumwambia mtu. Kila asubuhi nilimshukuru na kumwaga, nikingoja nguvu zirudi.

Yakarudi maumivu. Mgongo uliniuma kuliko mwanzo, viungo vyote vikauma, nikatapika, miguu ikatetemeka. Sikuelewa. Kama ile ni sumu, mbona nimeiacha ndipo ninaumwa? Adhuhuri moja nilianguka mlangoni. Ni wifi yangu aliyeniokota, akaniketisha kwenye pikipiki na kunikumbatia kwa nyuma nisianguke, nami njia nzima niliwaza: ananipeleka wapi?

Alinipeleka kituo cha afya. Nilimshika koti muganga, daktari wa pale, nikasema mbele ya wifi yangu, "Huyu ananipa sumu."

Wifi yangu alikaa chini, palepale sakafuni. "Aiko sumu! Ni ile dawa ya mizizi. Ulikataa, na mi nilikuwa nasikia vile unalia ukigeuka mu kitanda. Nikaitia mu uji. Ukapona! Ukasimama mu kanisa, ukasema ni Mungu. Ningesema nini?"

"Na zile simu za kujificha?"

"Nilikuwa namuambia ndugu yangu kama sasa unalala muzuri."

Muganga aliomba ule unga. Aliunusa, akanitazama uso na mikono. Alisema hawezi kujua kwa hakika kilichomo, lakini nyuso kama yangu alikwisha kuziona: kuna wauzaji wanaosaga vidonge vikali ndani ya mizizi. Vinanyamazisha maumivu, vinavimbisha uso, na ukiviacha ghafla mwili unaanguka. Alinilaza, akanipa vidonge vya namna ileile, nivipunguze kidogokidogo mpaka mwili uzoee.

"Na mugongo?" nilimuuliza.

"Ile hatutaifukuza, mama. Utajifunza kuishi nayo." Aliniagiza nitembee kila siku, nisilale mchana kutwa, nipige magoti ninapookota, mzigo ukae karibu na kifua, beseni moja kubwa ligawanywe madogo. Hata yeye sikumwamini. Ninaumwa, ananiambia nitembee? Nilidhani ananifukuza kwa adabu.

Nilitembea kwa kuwa sikuwa na lingine. Uso ulirudi wangu. Maumivu yapo, lakini sasa ninapika, ninalima kipande, ninapumzika, ninaendelea. Nilimweleza mchungaji ukweli wa ule uponyaji. Alisema tusiwachanganye watu.

Mume wangu alirudi, akamlaumu dada yake, akanilaumu na mimi. Wifi alihamia Kazimia kwa binti yake. Tuliagana kwa kukumbatiana, na sote tulilia. Ninaamini alinitakia mema. Lakini mtu anayeweza kukunywesha kitu kwa siri kwa sababu anakupenda, akikasirika atafanya nini?

Juzi alinipigia simu. "Wifi, mugongo iko aje?"

Nilijiuliza kwa nini anataka kujua. Kisha nikamwambia kwamba leo iko inauma.